Kurudisha sura ya spika nzuri: mikwaruzo, mibonyeo na pembe zilizopondeka

Spika nyingi za heshima zilizoko Kisumu, Kakamega na Nakuru zimepita mikono mingi. Kuna Wharfedale na KEF zilizonunuliwa mpya miaka ya sabini na mtu aliyekuwa na kazi nzuri, watoto wakazirithi. Kuna JBL zilizostaafu kutoka baa ya rumba. Kuna pia zilizoingia zikiwa mitumba kutoka Uingereza, zikashushwa Nairobi, kisha zikaletwa huku kwenye buti ya matatu chini ya gunia la viazi. Sauti bado ni nzima, benga inapigwa na gitaa la besi linasikika kila uzi. Sura ndiyo imechoka. Pembe moja imepondeka, juu ya boksi kuna duara jeupe la glasi, na mtoto wa jirani amekibonyeza kwa kidole kikofia cha katikati ya wufa, ile spika kubwa ya besi.

Kasoro za namna hii zinatengenezeka nyumbani kwa vifaa vya hadiweya na vya duka la dawa. Shida ni kwamba spika nyingi huharibiwa na ukarabati wenyewe kuliko ajali iliyoutangulia. Ukipeleka boksi kwa seremala wa kawaida pale soko la Kibuye, Kisumu, atakwambia, "Mzee, niachie tu. Nitaipiga msasa, niipake vanishi, utadhani imetoka dukani leo." Anasema kweli kuhusu meza na vitanda. Lakini mbao unayoiona kwenye spika mara nyingi ni vinia, yaani ganda la mbao halisi lililobandikwa juu, lisilofika unene wa milimita 1, na msasa wa mashine hulimaliza kabla hajageuka kuchukua kikombe cha chai. Ganda likitoboka, hakuna vanishi itakayolirudisha.

Kwa hiyo mwongozo huu umepangwa kuanzia njia nyepesi kwenda nzito. Jaribu ya kwanza, rudi ukae kwenye kiti unachokalia kusikiliza muziki, utazame. Kama kasoro haionekani tena kutoka hapo, acha. Mnunuzi anayezijua spika za zamani hulipia zaidi boksi lenye ngozi yake ya kiwandani na mikwaruzo miwili mitatu kuliko lililopakwa upya likang'aa.

Kwanza ujue boksi limevikwa nini

Hatua hii haina mbadala, kwa sababu dawa ya ngozi moja ni sumu ya nyingine. Geuza spika utazame nyuma na chini, mahali ambapo kiwanda hakikujisumbua kupamba. Tazama pia ukingo wa tundu la kuunganishia nyaya.

Vinia ya mbao halisi ina mistari isiyojirudia, na mara nyingi mistari ya juu hailingani na ya ubavuni pale pande mbili zinapokutana. Chini yake utakuta chipbodi, MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) au plaiwudi. Vinaili ni karatasi ya plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Inazunguka pembe bila kukatika, na ukitazama kwa makini utaona fundo lilelile la mbao likijirudia. Ya tatu ni laka nzito inayong'aa, hasa ile nyeusi ya piano. Ya nne ni rangi ya kawaida, aghalabu yenye chembechembe, kwenye spika za jukwaani.

Ukishajua ni vinia, uliza swali la pili: imepakwa mafuta au laka? Dondosha tone moja la maji mahali pa siri, chini ya boksi. Tone likisimama juu juu bila kubadilisha rangi ya mbao, kuna laka. Likianza kuzama na kuacha doa jeusijeusi, ni mafuta au nta. Futa mara moja. Kama ni laka na unataka kuijua zaidi, gusa mahali hapohapo kwa pamba yenye spiriti kidogo. Ikilainika na kunata, ni laka ya zamani ya shelaki. Kama spiriti haifanyi kitu lakini thina inailainisha, ni laka ya seluloza. Kama vyote viwili vinashindwa, una poliurethani au poliesta, na hizo ni ngumu kuharibika na pia ngumu kuunga.

Linda kilicho ndani

Zima amplifaya, chomoa nyaya. Usilaze spika kifudifudi hata kama umetandika godoro.

Wavu wa mbele uvute taratibu kwenye pembe, ukiingiza vidole kwa ndani. Vigingi vya plastiki vinavyoushika vimezeeka na vinakatika. Kikikatika, usikitupe, kwa sababu epoksi itakiunga vizuri ukiziba tundu kwa mshumaa ili gundi isishikane na boksi.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Nyuma ya kila spika iliyo ndani ya boksi kuna sumaku kali, na kati ya sumaku na koili (waya uliosokotwa unaoisukuma koni) kuna upenyo mwembamba sana. Vumbi la chuma likiingia humo halitoki, na spika itakwaruza milele. Kwa hiyo steli wuli haina nafasi kabisa kwenye kazi hii, hata kama video ulizotazama zinaitumia kung'arisha mbao. Nyuzi zake hukatika, huruka na kuvutwa na sumaku. Bisibisi nayo huvutwa ghafla: unafungua skrubu, mkono unateleza sentimita 2, ncha inatoboa koni, ile karatasi pana inayotikisika kutoa sauti. Kata kipande cha katoni kikubwa kuliko wufa, kibandike juu yake kwa masking tepi. Tepi ishikwe na fremu ya chuma, isiguse koni wala ukingo wa mpira. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ifunikwe kwa kifuniko cha chupa chenye upana wa kutosha kiasi kwamba hakigusi kuba, yaani kile kichwa chake cha mviringo.

Kwa kazi kubwa ni salama zaidi kutoa wufa kabisa. Piga picha za nyaya kwanza, na uandike kwenye kipande cha tepi ni waya upi unaingia kwenye chanya.

Safisha kabla ya kutengeneza

Nusu ya mnayoyaita mikwaruzo ni uchafu. Kwa anayeishi karibu na ziwa kuna uchafu wa ziada: wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kujaa kwenye taa. Hufia ndani ya wavu na juu ya koni. Usiwafute wakiwa wabichi, watapakaa na kuacha doa. Waache wakauke, kisha uwapanguse kwa brashi laini ya rangi au ya vipodozi, ukielekeza chini, si kuwasukuma ndani.

Boksi lifute kwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, kikamuliwe mpaka hakidondoshi. Fuata mistari ya mbao. Futa tena kwa kitambaa chenye maji matupu, kisha kikavu. Dawa ya vioo na dawa za kung'arisha fanicha zenye silikoni ziache kabatini. Silikoni hujipenyeza kwenye mbao, na siku ukitaka kupaka laka utaona vitundu vinajifungua kila mahali.

Nembo ya kampuni isuguliwe kwa mswaki wa zamani na sabuni. Hapo tu. Nembo iliyong'arishwa mpaka maandishi yakafutika ni hasara kubwa kuliko nembo yenye kutu.

Mikwaruzo kwenye vinia

Lowesha kidole, kipitishe juu ya mkwaruzo. Mstari ukipotea wakati umelowa, umekwaruza laka tu, mbao ni nzima. Nta itatosha. Chukua nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta kidogo, pakaa kwa kitambaa kwa kufuata mistari ya mbao, subiri dakika kumi hivi, sugua mpaka kitambaa kiteleze.

Mstari ukibaki mweupe hata ukiwa umelowa, mbao imeguswa na inahitaji rangi. Hapa dawa ya viatu ya kahawia inafanya kazi ya ajabu. Ni nta iliyotiwa rangi, inapatikana kila duka, na ina kahawia za viwango tofauti. Anza na iliyo nyepesi kuliko mbao yako. Kuongeza giza ni rahisi, kulitoa ni kazi. Chovya ncha ya kijiti cha meno, ijaze ndani ya mkwaruzo peke yake, futa ziada papo hapo. Lakini kama una mpango wa kupaka laka baadaye, usitumie dawa ya viatu wala nta yoyote, kwa sababu laka haitashika juu yake. Tumia rangi ya maji ya wachoraji, aina ya akriliki, kwa brashi ya nywele chache, kisha laka.

Kalamu nyeusi ya maka inashawishi kwenye spika nyeusi. Ipitishe kwanza kwenye karatasi uitazame juani: nyingi zina mng'ao wa zambarau. Dawa ya viatu nyeusi hukaa vizuri zaidi.

Vinia iliyopakwa mafuta inafurahisha kuitengeneza. Msasa namba 400 kwa mkono, mara chache kwa kufuata mistari, kisha mafuta ya kitani yaliyochemshwa au mafuta ya teki, yakae robo saa, ufute kila kilichobaki juu. Rudia kesho yake. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivikunje na kuvitupa kwenye pipa. Vinaweza kujipasha moto vyenyewe mpaka viwake. Vitandaze nje, kimoja kimoja, vikauke, ndipo uvitupe.

Mibonyeo: pasi na maji

Mbonyeo ni mahali nyuzi za mbao zimelala lakini hazijakatika. Maji na joto huzifanya zivimbe zirudi juu. Njia hii ni kwa mbao halisi tu. Kwenye vinaili pasi itaunguza plastiki, na MDF isiyo na vinia itafura kama mandazi kwenye chai, bila kurudi tena. Hata kwenye vinia iliyobandikwa juu ya MDF tumia maji kidogo sana, kwa sababu mvuke ukizidi huachia gundi.

1. Kama kuna laka juu, maji hayawezi kuingia. Choma vitundu vitatu au vinne ndani ya mbonyeo kwa sindano nyembamba, ukifuata mstari wa mbao ili visionekane.

2. Dondosha tone la maji kwa bomba la sindano la duka la dawa. Acha dakika tano. Wakati mwingine hii peke yake inatosha.

3. Kunja kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe, kikamue, kiweke juu ya mbonyeo. Kiwe kidogo, kipana kuzidi mbonyeo kwa kidole kimoja tu.

4. Pasi ya umeme iwe kwenye joto la kati. Gusa kitambaa kwa ncha yake kwa sekunde tatu au nne, inua. Utasikia maji yakichemka. Pasi ya makaa iache, haipimiki joto na inamwaga majivu.

5. Tazama kwa kurunzi iliyolazwa pembeni, mwanga ukija kwa ubavu. Rudia gusa-inua mpaka mbonyeo usionekane, lakini kitambaa kikikauka kiloweshe tena kwanza.

6. Acha mahali hapo pakauke siku nzima kabla ya msasa wala nta. Mbao iliyolowa hupanda juu kidogo, na ukiisugua ikiwa imepanda itakuachia shimo ikikauka.

Kama nyuzi zimekatika, mvuke utapunguza kina tu. Kilichobaki kijaze kwa nta ngumu ya rangi, ile ya vijiti ya kujazia mbao, au kwa fila, dawa ya kuziba mashimo.

Kuna laka inayogeuka nyeupe baada ya mvuke. Usiogope. Ni unyevu ulionaswa ndani yake, sawa na duara la glasi, na dawa yake ni moja: kikausha nywele kwenye joto la chini, umbali wa kiganja, ukikizungusha bila kusimama, kwa dakika chache. Ikikataa, pakaa vaselini nyingi juu ya weupe ulale nayo, asubuhi ufute. Duara jeusi ni habari nyingine. Hilo limeshuka mpaka kwenye mbao, na kwenye vinia nyembamba mimi ningelifunika kwa chungu cha ua.

Vinia iliyoinuka kwenye ukingo ibembelezwe kabla haijakatwa na nguo ya mtu anayepita. Gundi za zamani nyingi hulainika kwa joto, basi weka kitambaa kikavu juu, pitisha pasi ya joto la kati, kisha ukandamize kwa kipande cha mbao baridi mpaka ipoe. Ikiwa haishiki, ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, funika kwa karatasi ya plastiki, ukaze kwa klampu na vipande viwili vya mbao usiku kucha. Gundi iliyochomoza ifute kwa kitambaa chenye maji ikiwa mbichi.

Pembe iliyopondeka

Hii ndiyo kazi inayotaka uvumilivu. Chipbodi au MDF ya pembe huwa imepasuka na kuwa nyuzi laini. Ukiijaza fila juu ya nyuzi hizo itadondoka na kuondoka nazo.

Anza kwa wembe mpya, uondoe tu vilivyolegea. Dondosha supa glu ile nyembamba ya maji juu ya nyuzi, izame, iziunganishe ziwe ngumu. Fungua dirisha. Usifute supa glu kwa pamba, kwa kuwa inapokutana na pamba hutoa joto kali na moshi. Ikiwa pembe imefura, kabla gundi haijakauka ikandamize kwa klampu, na katikati uweke karatasi ya plastiki ili klampu isigeuke sehemu ya boksi.

Baada ya hapo tengeneza ukuta. Chukua rula mbili za plastiki au vipande vya mbao vilivyonyooka, vivike masking tepi, uvibandike kwenye pande mbili za pembe. Umepata kiunzi. Jaza upande wa tatu kwa epoksi ya kukanda kwa mkono, au kwa fila ya magari ile ya poliesta unayochanganya na hadena, dawa ya kuigandisha. Mafundi wa rangi za magari hawakosi nayo, na watakupimia kidogo kwa bei ya soda. Fila ya magari hushika haraka sana, hivyo changanya kiasi cha kijiko kimoja na uwe umeshajua unaipeleka wapi. Jaza izidi kidogo tu.

Kabla haijawa ngumu kabisa, wakati bado kisu kinaikata, toa rula na unyoe ziada. Ikikomaa, zungushia tepi safu mbili kwenye vinia inayopakana, kisha piga msasa kwa kuufunga kwenye kipande cha mbao kilichonyooka: namba 180, halafu 240, halafu 400. Kidole peke yake kitachimba mabonde. Tepi ikianza kuchanika ujue umefika kwenye usawa, simama.

Rangi ndiyo itakayokufichua. Tengeneza akriliki ya rangi ya chini kwanza, ile nyepesi zaidi unayoiona kati ya mistari ya mbao, upake pembe yote. Ikikauka, chora mistari ya giza kwa brashi nyembamba, ukiunganisha na mistari halisi inayokuja kutoka pembeni. Usiichore sambamba kama daftari. Ivunje, iwe minene na myembamba. Ichunguze mchana karibu na dirisha na tena usiku chini ya taa ya sebuleni, kwa sababu rangi mbili zinazofanana juani zinaweza kuachana chini ya balbu. Iamini zaidi taa ambayo spika zitaishi chini yake.

Kisha laka ya kopo la kupuliza, tabaka nyembamba kadhaa, yenye mng'ao unaolingana na boksi. Kisumu mvua hupenda kuja alasiri na jioni, hewa ikiwa imejaa unyevu. Laka iliyopulizwa wakati huo hugeuka nyeupe ikikauka. Puliza asubuhi ya jua, saa tatu hadi saa tano, kivulini. Nakuru unyevu ni mdogo lakini vumbi la kiangazi litakaa juu ya laka mbichi, basi nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza.

Vinaili na laka nyeusi ya piano

Vinaili haina mengi. Puto la hewa litoboe kwa wembe kwa kufuata mstari wa mbao iliyochapwa, ingiza gundi kidogo, pitisha kikausha nywele kwa mbali, kandamiza kwa kadi ya plastiki. Iliyochanika ibandike kwa gundi ya raba ile ya viatu, pande zote mbili, ungojee ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo uzikutanishe. Mikwaruzo ni dawa ya viatu. Kamwe usiipige msasa: chini ya picha ya mbao hakuna mbao.

Laka nyeusi inadai adabu zaidi. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina, na kuusugua mpaka uishe ni kuchimba bonde linaloonekana kuliko mkwaruzo wenyewe. Usiponasa, jaribu kwanza kompaundi laini kabisa ya kung'arisha magari, kiasi cha punje ya mahindi, kwenye kitambaa cha nyuzi ndogo kisicho na mchanga. Sugua kwa nguvu ndogo. Kama haitoshi, msasa wa maji namba 2000 uliofungwa kwenye raba ya kufutia, maji tele yenye tone la sabuni, mistari mifupi iliyonyooka. Uso utakuwa wa kijivu na utajuta, lakini endelea na namba 3000, kisha kompaundi, na mng'ao utarudi. Bandika tepi kwenye kingo zote kabla ya kuanza, maana laka ni nyembamba zaidi ukingoni na hapo ndipo watu wengi hutoboa. Na kama "laka" yako inageuka kuwa karatasi inayong'aa iliyobandikwa, rudi kwenye aya iliyopita.

Kikofia kilichobonyea, koni na sponji

Kikofia cha katikati cha karatasi, kitambaa au plastiki laini hurudi kwa kuvutwa. Bandika kipande cha masking tepi, ukikandamize kwa upole, vuta taratibu. Isipotosha, shika bomba la vakyumu kwenye nguvu ya chini, zungushia vidole mdomoni mwake ili uvujishe hewa, usogeze polepole hadi kikofia kiruke. Mkono mwingine usiguse koni. Cha mwisho kabisa ni sindano iliyopindwa ncha: choma tundu dogo kwenye ukingo wa mbonyeo, inua, kisha ziba tundu kwa tone la gundi nyeupe. Kikofia cha alumini hurudi lakini kitabaki na kunyanzi.

Twita ya hariri inaweza kuvutwa kwa mdomo kupitia karatasi iliyoviringishwa kuwa bomba. Vakyumu ni kali mno kwake na inaweza kuing'oa kuba. Twita ya chuma ningeiacha na alama yake. Na kama una Yamaha NS-1000 za miaka ya sabini, au spika nyingine zenye kuba za berili, usiziguse kabisa. Berili ikivunjika vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

Koni ya karatasi iliyopasuka kidogo, chini ya urefu wa kucha ya kidole gumba, iunge kwa karatasi ya mfuko wa chai. Mwaga majani ya Kericho, osha karatasi, kausha, chana kipande kwa mkono ili kingo ziwe na nyuzi, kibandike nyuma ya koni kwa gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji. Karatasi hiyo ni nyepesi na ina nguvu. Supa glu hukauka ngumu na kupasua karatasi pembeni mwake. Koni iliyopauka kwa jua wengi huipaka rangi nyeusi. Mimi siungi mkono, kwa sababu rangi ina uzito, na uzito hubadilisha sauti.

Sponji ni jambo jingine. Wavu za sponji za JBL L100, zilizoanza kuuzwa 1970, humomonyoka zikawa unga wa kunata, na hazioshwi: hununuliwa nyingine. Sponji ya ukingo wa wufa nayo huoza kwa unyevu na umri. Ibonyeze kidogo kwa kidole. Ikibaki na shimo au ikikatika, hiyo si kasoro ya sura tena. Usiipigie muziki, tafuta fundi wa kubadilisha ukingo.

Kitambaa cha mbele

Kama ni kichafu tu, kisafishe kikiwa kwenye fremu kwa povu la sabuni na mswaki, kisha kikauke kivulini. Kikichanika, badilisha. Ng'oa pini za stepla kwa bisibisi bapa, tumia kitambaa cha zamani kama kiolezo, ongeza sentimita 3 kila upande. Anza kupigilia pini katikati ya kila ubavu, ukikabiliana, kisha elekea pembeni.

Kitambaa kikipitisha pumzi ndicho. Kiweke mdomoni, puliza: usipohisi kizuizi kitapitisha sauti. Ndiyo maana kitenge, hata kiwe kizuri kiasi gani sebuleni, hakifai. Kimefumwa kwa kubana, na sauti nyembamba za twita zinakwama humo. Poliesta nyepesi ya kuvutika, ile ya kushonea vazi la ndani, inafanya kazi vizuri.

Kurudisha na kujaribu

Rudisha wufa kwa kukaza skrubu kwa kubadilishana pande, mkono tu, bila mashine. Skrubu isiyoshika tena kwenye chipbodi ipewe kijiti cha meno kilichochovywa gundi ndani ya tundu.

Kabla ya kuunganisha amplifaya, chukua betri moja ya volti 1.5. Gusisha ncha zake kwenye vituo vya nyuma vya spika kwa nusu sekunde, chanya kwa chanya, huku ukitazama wufa ikiwa bila wavu. Itasogea mbele au nyuma. Fanya hivyo kwa ya pili. JBL nyingi za zamani hurudi nyuma zinapopewa chanya, na hiyo si kosa la nyaya. Unachotaka ni zote mbili zielekee upande mmoja. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, umegeuza waya wakati wa kurudisha wufa: fungua tena ile ya upande uliofanyia kazi, linganisha na picha uliyopiga, badilisha, ndipo uweke wavu.